Mjumbe Hauawi: Historia ya Kuvu za Ngozi na Kinga ya Mwili

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama mnasoma kijitabu hiki katika kikundi chenu, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize.

Leo tunazungumza juu ya magonjwa yanayoletwa na kuvu, ambazo wengine huziita fangasi. Unazijua, hata kama hujui jina lake. Kuna choa, yale mabaka ya mviringo yenye ukingo ulioinuka, ambayo huwasha. Kuna mapunye kichwani mwa mtoto wa shule. Kuna kuoza katikati ya vidole vya miguu, na kucha zinazokuwa nene na kubadilika rangi. Kuna wekundu mkali kwenye mikunjo ya mapaja ya mtoto anayevaa nepi. Na kuna ule utando mweupe mdomoni, unaofanana na maziwa yaliyoganda.

Wazee wetu walisema mjumbe hauawi. Mtu akikuletea barua, usimpige kabla hujaisoma. Kuvu nazo mara nyingine ni wajumbe. Mara nyingi hazina ujumbe wowote wa kutisha: mtoto mwenye afya njema hupata choa kutoka kwa rafiki yake au paka wa nyumbani, anapakwa dawa, anapona. Lakini kuvu inayorudi kila mara, au inayoenea mwilini, au inayoota mahali isipopaswa kuota, huenda imebeba habari kwamba kinga ya mwili imepungua. Leo nitakusimulia jinsi madaktari walivyojifunza kuisoma barua hiyo. Iliwachukua zaidi ya miaka 140.

Kosa la mwaka 1839

Mwaka 1839 daktari mmoja wa Kijerumani, Bernhard Langenbeck, alichunguza maiti ya mgonjwa aliyekufa kwa homa kali iliyoitwa typhus. Kooni mwa marehemu alikuta utando mweupe. Alipoutazama kwa hadubini, akaona nyuzinyuzi za kuvu. Akafikiri amegundua kitu kikubwa sana: kwamba kuvu hiyo ndiyo iliyosababisha ile homa.

Alikosea. Mgonjwa yule alidhoofishwa kwanza na homa, kisha kuvu ikapata nafasi. Ilikuwa kama mwenye nyumba aliyelala hoi kitandani, na mwizi akaingia kwa mlango ulioachwa wazi. Langenbeck alimwona mwizi, akadhani ndiye aliyeleta ugonjwa.

Tusimcheke. Kosa hilo, lakini kwa kinyume chake, tunalifanya hadi leo. Mtoto ana utando mdomoni, tunaupaka dawa, unaisha. Baada ya wiki tatu umerudi, tunapaka tena. Tunapambana na mwizi kila usiku, na hatuulizi ni nani aliyeacha mlango wazi.

Muda mfupi baada ya Langenbeck, daktari mwingine, David Gruby, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Paris, aliwachunguza watoto wenye magonjwa ya ngozi ya kichwa. Kati ya mwaka 1841 na 1844 alieleza kuvu zinazoleta mapunye, na ile inayoleta utando mweupe mdomoni mwa watoto. Wakati huo watu wengi, hata waliosoma, waliamini kwamba mapunye yanatokana na damu chafu. Gruby alionyesha kwamba ni kiumbe hai kinachoota kwenye nywele na ngozi, na kwamba kinaweza kuhamia kwa mtu mwingine. Hiyo ilikuwa karibu miaka 40 kabla ya Robert Koch kutangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882.

Kwa hivyo, mama, jirani akikuambia mtoto wako ana mapunye kwa sababu ya damu chafu, mjibu kwa upole kwamba jambo hilo lilijibiwa zamani. Mapunye ni kuvu. Hayana uhusiano na laana, uchafu wa mama wala ukoo.

Dawa zilivyopatikana

Kujua ugonjwa ni jambo moja, na kupata dawa ni jambo lingine. Mwaka 1907 Arthur Whitfield, daktari wa ngozi wa London, alitoa mchanganyiko wa asidi mbili katika mafuta ya kupaka. Dawa hiyo bado inaitwa kwa jina lake, na imetumika kwa choa katika zahanati nyingi za Afrika kwa sababu ni ya bei nafuu. Ni ya ngozi tu. Isipakwe mdomoni, machoni wala sehemu za siri.

Mapunye yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kuvu hujificha ndani ya mzizi wa nywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki vizuri. Mwaka 1904 Raymond Sabouraud wa Paris alianza kutumia eksirei kuzing'oa nywele za watoto ili kuvu zitoke nazo. Nywele zilitoka kweli, na watoto wengi walipona mapunye. Njia hiyo ikaenea nchi nyingi. Katika miaka ya 1950 maelfu ya watoto wa wahamiaji nchini Israel walitibiwa hivyo. Mwaka 1974 watafiti wa huko walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba waliotibiwa kwa eksirei walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo kuliko wenzao. Mwaka 1994 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia. Funzo lake linatufaa sote: dawa kali kwa ugonjwa mdogo inaweza kuacha kidonda kikubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Ukisikia mtu anapaka choa maji ya betri au mafuta ya taa, kumbuka watoto wale.

Njia bora ilikuja mwaka 1958. Mwanasayansi J. C. Gentles wa Glasgow alionyesha kwamba dawa iitwayo griseofulvin, iliyokuwa imepatikana tangu mwaka 1939 kutokana na aina moja ya kuvu, humezwa na kufika hadi kwenye nywele kutoka ndani ya mwili. Ndiyo maana leo mtoto mwenye mapunye hupewa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8. Dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Mama wengi huiacha wiki ya pili kwa kuona kichwa kimepoa. Usiiache kabla ya muda uliopangiwa.

Nayo dawa ya utando mweupe wa mdomoni tulipewa na wanawake wawili. Elizabeth Lee Hazen alifiwa na wazazi wake wawili akiwa mtoto mdogo, akalelewa na jamaa zake huko Mississippi. Mwenzake, Rachel Fuller Brown, alikuwa mtaalamu wa kemia. Wote wawili walifanya kazi katika idara ya afya ya jimbo la New York, mmoja katika jiji la New York na mwingine Albany, wakitumiana sampuli za udongo na vijidudu kwa posta. Udongo uliowapa jibu ulitoka kwenye shamba la marafiki wa Hazen, katika jimbo la Virginia. Mwaka 1950 walitangaza dawa yao na kuiita nystatin, kwa heshima ya jimbo la New York. Faida iliyowahusu, mamilioni ya dola, hawakuitia mfukoni. Waliitoa yote isaidie utafiti wa sayansi. Ukimdondoshea mtoto ile dawa ya njano mdomoni, ujue imetoka kwenye mikono ya yatima aliyelelewa vizuri na jamaa zake.

Mlango unaoachwa wazi

Huenda unajiuliza kwa nini dawa hiyo ilitafutwa sana wakati ule. Ni kwa sababu ya mafanikio mengine. Penisilini na antibiotiki zingine zilienea katika miaka ya 1940. Ziliokoa maisha mengi, lakini ziliua pia bakteria wazuri wanaokaa mdomoni na tumboni na kuzizuia kuvu zisizidi. Madaktari wakaanza kuona utando mweupe kwa wagonjwa waliotumia antibiotiki kwa muda.

Kisha kukaja dawa za steroidi, ambazo hutuliza uvimbe na mwasho kwa kuwapoza askari wa mwili. Mwaka 1954 figo ilipandikizwa kwa mafanikio kwa mara ya kwanza, mjini Boston. Katika miaka ya 1960 dawa za kuzuia mwili usikatae kiungo kipya, na zile za kutibu saratani, zilizidi kutumika. Kila dawa iliokoa watu, na kila moja ilipunguza kinga kwa kiasi fulani. Na kila mara kuvu zilikuwa mlangoni zikisubiri.

Kutokana na hayo madaktari walielewa jambo ambalo Langenbeck hakuliona. Kuvu nyingi tunaishi nazo siku zote, kwenye ngozi, mdomoni na tumboni. Hazibadiliki kuwa adui ghafla. Kinachobadilika ni ulinzi wetu. Ulinzi huo huwa mdogo kwa mtoto mchanga, kwa mzee sana, na kwa mtoto mwenye utapiamlo. Hupungua kwa mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa anayetibiwa saratani, kwa anayetumia steroidi muda mrefu, na kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu. Mwaka 2021, wakati wa janga la Korona, India ilipata maelfu ya wagonjwa wa kile walichokiita kuvu nyeusi. Wengi wao walikuwa na kisukari, na wengi walikuwa wamepewa steroidi.

Hapa nina onyo kwako, mama. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Ive na Marks, walieleza juu ya choa kilichopakwa krimu ya steroidi. Mwasho hupungua, wekundu hufifia, na mgonjwa hufurahi. Lakini chini ya ngozi kuvu inaendelea kutambaa, na ule mviringo unaotambulisha choa hupotea. Hata daktari anaweza asikitambue. Walikiita choa kisichojulikana. Krimu nyingi zinazouzwa kama dawa ya kila ugonjwa wa ngozi, na baadhi ya zile za kujichubua, huwa na steroidi ndani yake. Nchini India, katika miaka ya karibuni, krimu za kuchanganya zimetajwa kuwa sababu moja ya kuenea kwa choa sugu kisichosikia dawa za kawaida. Usinunue krimu kwa sababu tu ilimfaa jirani. Muulize mfamasia kama ina steroidi.

Barua ya mwaka 1981

Sasa tunafika kwenye sehemu nzito ya mazungumzo yetu.

Tarehe 5 Juni 1981 jarida dogo la idara ya afya ya Marekani lilichapisha habari za vijana wanaume watano wa Los Angeles. Walikuwa na homa ya mapafu ya aina ambayo haiwapati watu wenye afya. Habari hiyo hukumbukwa kwa sababu ya mapafu, lakini kulikuwa na jambo lingine ndani yake: wote watano walikuwa na kuvu ya utando mweupe. Hiyo ilikuwa taarifa ya kwanza kuchapishwa kuhusu ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ukimwi.

Mwaka 1984 madaktari wa New York walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliokuwa katika hatari ya ugonjwa huo na waliopata utando mweupe mdomoni bila sababu nyingine. Zaidi ya nusu yao walipata magonjwa makubwa ya Ukimwi baadaye, wengi katika muda wa miezi michache. Utando ulikuwa umetangulia, na ulikuwa umewapa watu muda ambao wangeweza kuutumia kama dawa ingekuwapo.

Mwaka huohuo wa 1984 Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi. Wakati huo maabara zilikuwa chache na vipimo vya damu vilikuwa adimu. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpangilio wa hatua nne za ugonjwa, ili hata mhudumu asiye na maabara aweze kukadiria hali ya mgonjwa kwa kumtazama. Kuvu za kucha ziliwekwa hatua ya pili. Utando mweupe mdomoni uliwekwa hatua ya tatu. Utando ulioshuka hadi kwenye umio, kiasi cha mtu kushindwa kumeza, uliwekwa hatua ya nne. Kwa mtoto, mpangilio uliofanyiwa marekebisho miaka ya 2000 unahesabu utando unaodumu baada ya wiki 6 hadi 8 za kwanza za maisha. Macho ya muuguzi, tochi yake na kijiti cha kushikia ulimi vilifanya kazi ya maabara.

Lakini macho ya jirani nayo yalijifunza, na yalijifunza vibaya. Katika miaka ile mtu akionekana na mabaka, watu walinong'ona. Mama wengine waliwafunika watoto wao leso hadi shingoni, na hawakuwapeleka kliniki kwa kuogopa macho ya foleni. Mjumbe alifika akafungiwa nje. Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999. Kufikia wakati huo tulikuwa tumezika wengi.

Dawa ilikuwapo, bei ilikuwa ukuta

Kuna jambo chungu zaidi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 dawa nzuri ya kumeza ya kuvu ilikuwa inauzwa duniani, iitwayo fluconazole. Inatibu utando ulioshuka kooni, na inasaidia kupambana na kuvu inayoshambulia utando wa ubongo. Lakini ilikuwa na hatimiliki, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wa watu wengi wa Afrika.

Afrika Kusini alikuwako mtu aitwaye Christopher Moraka, mfuasi wa kikundi cha kutetea matibabu kiitwacho Treatment Action Campaign. Aliishi na virusi, na aliteswa na utando mweupe mkali kiasi kwamba kula kulikuwa taabu. Alikwenda mbele ya kamati ya bunge, akawaeleza wabunge hali ya watu wasioweza kununua dawa. Alifariki mwaka 2000. Mwezi Oktoba mwaka huo kiongozi wa kikundi hicho, Zackie Achmat, alisafiri hadi Thailand, akanunua fluconazole iliyotengenezwa huko kwa bei ndogo sana, na kuirudisha nyumbani hadharani akijua anavunja sheria ya hatimiliki. Kampeni hiyo waliipa jina la Moraka. Kabla mwaka haujaisha, kampuni yenye hatimiliki ilikubaliana na serikali ya Afrika Kusini kutoa dawa hiyo bure katika hospitali za umma, na baadaye mpango huo ukafikishwa katika nchi nyingine maskini.

Hapa kwetu Bunge lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani mwaka 2001, baada ya wagonjwa na watetezi wao kupaza sauti. Sheria hiyo ilifungua njia ya kuleta dawa muhimu za bei nafuu kutoka nje. Mwaka 2006 serikali ilitangaza kwamba dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zitolewe bila malipo katika hospitali za umma. Na mwaka 2016 Kenya ilianza utaratibu wa kumwanzishia dawa kila anayepatikana na virusi, bila kusubiri augue.

Unaona sasa kwa nini barua ya kuvu inafaa kusomwa? Mwaka 1984 aliyeisoma hakuwa na la kufanya. Leo mtoto anayeanza dawa mapema na kuzimeza vizuri hujengewa kinga yake upya, na kuvu nazo hurudi nyuma zenyewe. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu. Kuvu ya utando mweupe na ile ya utando wa ubongo zote zimo katika kundi la juu kabisa. Bado hazijatuacha.

Ufanye nini nyumbani?

Kwanza, tofautisha. Utando mweupe kwenye ulimi wa mtoto anyonyaye unaweza kuwa maziwa tu. Futa polepole kwa kitambaa safi chenye unyevu. Maziwa hutoka. Kuvu hung'ang'ania, na ikitoka huacha wekundu au damu kidogo. Mtoto mchanga wa wiki chache anaweza kupata utando bila kuwa na tatizo la kinga. Mpeleke kliniki atibiwe, na umweleze muuguzi kama chuchu zako zinauma au zina wekundu, kwa sababu mtoto na mama hutibiwa pamoja. Usiache kunyonyesha.

Ile dawa ya zambarau, GV, imetusaidia miaka mingi. Lakini mwaka 2019 idara ya afya ya Kanada ilionya kwamba inaweza kuongeza hatari ya saratani. Kwa hivyo usijinunulie na kumpaka mtoto mdomoni. Uliza kituoni kama kuna nystatin, na ufuate maelekezo utakayopewa.

Pili, soma barua. Omba kipimo cha virusi ukiona mambo haya: utando mweupe kwa mtoto aliyepita miezi miwili, unaodumu au kurudi bila yeye kutumia antibiotiki, choa kilichoenea sehemu nyingi au kisichopona kwa dawa, kucha nyingi kuharibika pamoja, au kuvu pamoja na kukonda, kuhara kwa muda mrefu au homa za mara kwa mara. Mtoto wa chini ya miezi 18 huwa bado ana kingamwili alizopewa na mama yake, kwa hivyo anahitaji kipimo maalum, na tone la damu huchukuliwa kisiginoni. Kwa mtu mzima uliza pia kipimo cha sukari. Barua hii haisemi Ukimwi peke yake.

Tatu, kimbia hospitali usingoje kesho kama mgonjwa hawezi kumeza hata mate; kama mtoto amekataa kunyonya; au kama mtu mwenye kinga ndogo ana maumivu makali ya kichwa, shingo ngumu, kuchanganyikiwa au kutapika. Angalia pia ngozi yake. Vipele vidogo vyenye kitovu katikati, vikitokea usoni pamoja na kuumwa kichwa, vinaweza kuwa kuvu iliyofika kwenye ubongo.

Nne, usijinunulie vidonge vya kuvu. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya na Marekani walionya vikali juu ya vidonge vya ketoconazole kwa sababu vinaweza kuharibu ini. Fluconazole nayo haimfai mama mjamzito bila ushauri wa daktari, na dawa hizi zinaweza kugongana na zile za Ukimwi au kifua kikuu.

Tano, tunza ngozi. Mwogeshe mgonjwa, umkaushe vizuri kwenye mikunjo, kwapani na katikati ya vidole. Kila mtu awe na taulo na kitana chake. Anika nguo na malazi juani. Mwambie kinyozi asafishe mashine yake kwa dawa kabla ya kumgusa mtoto wako. Paka mwenye mabaka yaliyonyonyoka manyoya naye atibiwe.

Na jambo la mwisho, la moyo. Choa kinaweza kuambukiza kwa kugusana ngozi. Virusi vya Ukimwi haviambukizi hivyo. Ukimpaka mgonjwa wako dawa, ukanawa mikono kwa sabuni, huna la kuogopa. Mkumbatie. Na ukiona mtoto wa jirani ana mabaka, usimpeleleze mama yake. Mwulize kama angependa mwende kliniki pamoja.

Maswali ya kikundi

1. Katika kijiji au mtaa wetu, watu husema mapunye na choa vinatokana na nini? Gruby angewajibu vipi?

2. Ni kitu gani kinachowazuia mama wa hapa kumpeleka mtoto kupimwa hata baada ya utando kurudi mara ya pili au ya tatu? Kikundi chetu kinaweza kuondoa kizuizi gani kimoja mwezi huu?

3. Leteni krimu za ngozi mlizo nazo nyumbani. Someni maandishi pamoja, na zile msizozielewa mzipeleke kwa mfamasia.

Mama, mlezi, muda wetu umekwisha. Jioni ya leo, unapomwogesha mtoto, mwambie afungue mdomo, utazame ulimi na mashavu kwa ndani, kisha kichwa, kucha na katikati ya vidole. Ukiona barua, isome, na uipeleke kituoni. Tukijaliwa tutazungumza tena. Kwaheri.